Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Shamba ya Mawe Kule Uingereza

Mwezi uliopita, nilipokuwa nikijibu swali kuhusu nyufa za nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, niligusia kwamba wakulima wa Uingereza nao walijenga kwa mawe na chokaa kama walivyojenga wazee wetu. Sikutarajia kwamba sentensi ile moja ingeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua barua tano, nikazifupisha bila ya kuzigeuza maana, na nimezipanga ili msomaji aanze na jiwe lenyewe kabla ya kuingia ndani.

SWALI: Mpwa wangu anafanya kazi Uingereza, na yeye na mkewe wamepanga nyumba ya shamba ya zamani katika vilima vya Cotswolds. Ameniletea picha kwa simu. Ninaona kuta za mawe ya rangi ya asali, madirisha madogo yaliyogawanywa kwa vijiguzo vya jiwe, na paa ambalo anasema nalo pia ni la mawe. Kwa kweli nilidhani ni gereza lililogeuzwa makao. Mtu aliyekuwa na mawe tele namna hiyo alijinyima mwanga kwa nini? (Bibi wa Kuze)

JIBU: Bibi yangu, hakujinyima kwa kupenda. Jiwe ndilo lililomnyima, na nitaeleza namna gani, lakini kwanza tulitazame jiwe lenyewe. Vilima vya Cotswolds vimekaa juu ya ukanda wa mawe ya chokaa unaokatiza Uingereza kwa mshazari, kuanzia Dorset upande wa kusini hadi Yorkshire upande wa kaskazini mashariki. Mawe hayo yalifanyika chini ya bahari ya maji ya kina kifupi na ya uvuguvugu zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na ukilisogeza jiwe karibu na jicho utaona limeundwa kwa chembe za mviringo zilizoshikamana kama mayai ya samaki. Rangi ya asali inatokana na chuma kilichomo. Kwa hiyo ukuta ule wa mpwa wako na ukuta wako wa matumbawe hapo Kuze wote wawili wametoka baharini, ingawa mmoja ni mkongwe mno kuliko mwenziwe. Wanafanana hata kwa tabia: jiwe la Cotswolds likitoka timboni huwa na unyevu na hukatika kwa urahisi, kisha hukazana kadiri linavyokauka hewani, sawa na tumbawe bichi lililotolewa majini.

Kabla ya mifereji ya mashua na reli, kusafirisha mawe kwa mikokoteni kulikuwa na gharama kubwa, kwa hiyo mkulima alijenga kwa jiwe la karibu, mara nyingi lililochimbwa katika shamba lake mwenyewe. Ndiyo sababu nyumba, ghala, ukuta wa mpaka na kanisa la kijiji huwa na rangi moja. Nenda Dartmoor, kusini magharibi, utakuta mawe ya matale ya kijivu, magumu kiasi kwamba fundi hakujisumbua kuyachonga sana. Nenda milima ya Pennines utakuta mawe ya mchanga, mengine yakiwa yameingia weusi wa moshi wa viwanda. Na katika Wilaya ya Maziwa (Lake District, yaani nchi ya maziwa ya maji) utakuta mawe ya tabaka yenye rangi ya mvua. Aliyezoea huweza kukisia mtu anatoka wapi kwa kuitazama picha ya ukuta wa nyumba yao.

Ukuta wenyewe kwa kawaida ni mnene wa sentimita 50 au 60, au hata zaidi, nao si ukuta mmoja. Ni nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na katikati kumejazwa vipande vya mawe, udongo na chokaa. Ili nyuso hizo zisiachane, fundi aliweka hapa na pale jiwe refu linalopenya kutoka upande mmoja hadi wa pili. Msingi, kwa jinsi tunavyouelewa leo, karibu haupo: ni mtaro wa kina kifupi uliopangwa mawe makubwa, basi. Nyumba hukaa juu ya ardhi yake kwa uzito, na ikijongea kidogo chokaa hujongea nayo.

Sasa madirisha. Jiwe lina nguvu ya kubeba mzigo unaolikandamiza, lakini halina nguvu ya kupinda. Ukilaza jiwe refu juu ya uwazi mpana na kulipakia ukuta juu yake, litakatika katikati. Mkulima aliyetaka dirisha pana alikuwa na njia moja: kuusimamishia uwazi ule vijiguzo, ili kila kipande cha linta, yaani jiwe linalolazwa juu ya uwazi, kivuke nafasi ndogo tu. Vijiguzo unavyoviona pichani, Bibi, havikuwekwa kwa urembo wala kwa kuogopa wezi, bali ndivyo vinavyobeba ukuta wa juu. Wewe mwenyewe umeishi ndani ya hesabu kama hiyo. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki salama zaidi ya mita 3 hivi. Urefu wa mti ndio uliopima upana wa chumba, na tajiri aliyetaka nafasi zaidi aliongeza vyumba, hakuongeza upana. Kwa mkulima wa Cotswolds, linta ilifanya kazi ya boriti. Ongeza hapo kwamba kioo kilikuwa ghali na kilipatikana kwa vipande vidogo, ambavyo viliunganishwa kwa vijitepe vya madini ya risasi, na kwamba kila uwazi ulikuwa mlango wa baridi kwa muda wa miezi sita ya mwaka.

Mwambie mpwa wako atazame juu ya madirisha hayo. Huenda ataona ukingo wa jiwe uliochomoza, wenye umbo la nyusi, ambao ncha zake mbili zimegeuka kuelekea chini. Ukingo huo unakinga maji yanayoteremka ukutani yasiingie dirishani, na kuyatupa pembeni. Mimi huona kwamba hapo ndipo ufundi wa nyumba zile ulipo hasa, kuliko hata katika michongo ya mlangoni, kwa sababu fundi amelitazama tone la mvua na kuuliza litapita wapi.

Na paa ni hivyo hivyo. Vigae vile ni mawe yanayopasuka kwa tabaka. Huko Stonesfield, katika jimbo la Oxfordshire, mawe yalichimbwa, yakatandazwa nje yakiwa na unyevu wake, yakaachwa yapigwe na baridi ya usiku. Maji yaliyomo yalipoganda yalitanuka na kulipasua jiwe katika kurasa nyembamba. Kwa hiyo majira ya baridi yalikuwa sehemu ya mtambo, na mwaka usio na baridi kali ulikuwa mwaka mbaya kwa wapasua vigae. Kila kigae kilitobolewa tundu na kutundikwa kwenye fito kwa chango ya mti wa mwaloni. Vigae vikubwa hupangwa chini, penye ukingo wa paa, na vinapungua safu kwa safu hadi vile vidogo kabisa vilivyo karibu na mgongo wa paa. Sababu yake ni ya maji na ya uzito: safu za chini hupokea mvua yote iliyoanguka juu yake, hivyo zinafaa kuwa na maungio machache, na mzigo mkubwa hukaa karibu na ukuta unaoubeba. Paa lenyewe limeinuka sana, nyuzi 50 hivi, ili maji yasipate nafasi ya kutuama. Hata hivyo kila mita 10 za mraba hubeba karibu tani moja ya mawe, ndiyo maana makombamoyo ya nyumba nyingi yamelegea, na mgongo wa paa umebonyea kama mgongo wa punda mzee wa Lamu. Hilo peke yake si dalili ya kuanguka.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya upili. Wanafunzi wangu wanaamini kwamba nyumba zote za mawe Uingereza zilikuwa za mabwana wakubwa, na kwamba wakulima waliishi katika vibanda pamoja na ng'ombe wao. Ukweli ni upi? (Mwalimu wa Tudor)

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamekosea nusu. Habari ya ng'ombe nitaifikia. Kuhusu wenye nyumba, nyingi kati ya hizi tunazozizungumzia zilijengwa na wakulima wa kati, watu waliokuwa na shamba lao au waliolikodi kwa muda mrefu, wasio makabaila wala vibarua. Katika karne ya 16 bei ya nafaka na sufu ilipanda huku kodi ya ardhi ya wengi wao ikiwa imekwama pale pale kwa mikataba ya zamani. Tofauti ile ikabaki mifukoni mwao, wakaitia katika mawe. Mwanahistoria W. G. Hoskins mwaka 1953 aliuelezea wakati kati ya 1570 na 1640 kuwa ni wa ujenzi mpya mkubwa wa mashamba ya Uingereza. Waliomfuata wamemsahihisha kwamba kila jimbo lilikuwa na wakati wake, na kwamba kaskazini wimbi hilo lilichelewa hadi nusu ya pili ya karne ya 17, lakini kiini cha hoja yake hakijatikisika.

Mfano unaojulikana sana ni nyumba ya Kelmscott, kando ya mto Thames katika Oxfordshire. Leo inaitwa kwa jina la heshima, lakini ilijengwa mwishoni mwa karne ya 16 ikiwa nyumba ya mkulima, na katika karne ya 17 ikaongezewa ubavu. Nitairudia nikimjibu fundi hapa chini.

Jambo ambalo ningependa wanafunzi walifahamu zaidi ni moto. Ukiingia katika nyumba yoyote ya zamani ya nchi za baridi, uliza kwanza: moto ulikuwa wapi? Katika nyumba za karne za kati ulikuwa katikati ya sakafu ya ukumbi mmoja mkubwa usio na dari, na moshi ulipanda na kujitafutia njia kupitia nyasi za paa. Wanaotafiti majumba haya hupanda darini wakiwa na taa. Wakikuta makombamoyo ya kale yamepakwa masizi meusi tititi, wanajua kwamba chini yao palikuwa na ukumbi wa aina hiyo, hata kama leo pana vyumba vitatu na zulia. Katika nyumba kama hiyo huwezi kuweka ghorofa, kwa sababu atakayelala juu atalala ndani ya moshi.

Kisha ikaja dohani. Fundi alijenga kwa mawe bomba nene la kuutoa moshi, na moto ukahamishwa kutoka katikati ya sakafu ukaingia chini yake. Ukumbi ukaweza kutiwa dari. Juu ya dari vikapatikana vyumba vya kulala. Vyumba vya juu vikadai ngazi, na ngazi mara nyingi ilibanwa ubavuni mwa dohani, ikizunguka kama konokono, kwa sababu hapo palikuwa na pembe isiyo na kazi nyingine. Mume na mke wakapata mlango wa kufunga, watumishi wakatengwa, nafaka ikawekwa juu palipo pakavu. Mpangilio mzima wa nyumba ulibadilika kwa ajili ya bomba moja. Sehemu ya moto yenyewe ilikuwa pana kama chumba kidogo, ikiwa na mti mkubwa wa mwaloni uliolazwa juu ya mdomo wake; ndani yake mna viti vya jiwe, tanuri la mkate lililochimbwa ubavuni, na kijidaka kidogo chenye mlango kwa ajili ya chumvi, ili isilowe. Wanafunzi wako wanazijua zidaka za nyumba zetu, basi wafikirie kidaka kilichowekwa karibu na moto kwa kuwa hewa ya nje ina maji.

Ndugu zetu wa Lamu walipambana na swali hilo hilo kwa kuligeuza: jiko walilipandisha juu kabisa, kwenye kidari cha meko, ili joto na moshi viondoke bila ya kupita vyumbani. Wao walilifukuza joto, na mkulima wa Uingereza alilishika asiliache litoke.

Serikali nayo iliuona moto. Kuanzia 1662 hadi 1689 ilitozwa kodi ya shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko, na orodha za kodi hiyo zimebaki hadi leo. Mtafiti akitaka kujua mkulima fulani alikuwa na hali gani, huhesabu meko yake.

Kuhusu ng'ombe: ni kweli kwa baadhi ya majimbo, na walioishi hivyo hawakuwa maskini wote. Dartmoor kuna nyumba ndefu za matale zilizojengwa kwenye mteremko, watu upande wa juu na mifugo upande wa chini, na katikati pana ujia unaokatiza kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Watu na ng'ombe waliingia kwa mlango mmoja, kisha kila mmoja akageukia upande wake. Zizi lilikuwa na mfereji sakafuni wa kutolea uchafu, na kwa kuwa lilikuwa chini ya mteremko, hakuna kilichorudi kwa wenye nyumba, ila joto la wanyama. Katika nyumba ya Higher Uppacott, Devon, zizi hilo limebaki bila ya kugeuzwa chumba. Yorkshire walipenda mtindo wenye staha zaidi: nyumba na ghala chini ya paa moja refu, lakini kila mmoja na mlango wake.

SWALI: Umesema walijenga kwa chokaa. Je, ni chokaa hii yetu ya tanuri? Na kwa nini mafundi wa huko wanakatazwa kutumia saruji katika nyumba hizo, wakati saruji ni ngumu zaidi? (Fundi mwashi wa Kisauni)

JIBU: Fundi, ni ile ile. Wao walichoma mawe ya chokaa, sisi tulichoma matumbawe juu ya magogo, na vyote viwili kwa mkemia ni kalsiamu kaboneti. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi jiwe hutoa hewa yake ya kaboni na kubaki jepesi. Ukilimwagia maji linachemka na kufoka lenyewe bila ya moto, kisha linakuwa uji mweupe ambao kadiri unavyohifadhiwa ndivyo unavyokuwa laini. Ukishaupaka ukutani, uji huo hauishi kwa kukauka tu. Unarudisha polepole ile kaboni kutoka hewani na kuwa jiwe tena. Kazi hiyo huchukua miezi, na katika ukuta mnene huchukua miaka.

Ugumu wa saruji, ambao wewe unauona kuwa sifa, ndio kasoro yake katika ukuta wa namna hii. Ukuta wa kale hauna kizuizi cha unyevu chini. Maji hupanda kutoka ardhini, mvua hupenya kidogo, na vyote hutoka tena kupitia chokaa iliyo kati ya mawe, ambayo ni laini na ina vinyweleo vingi kuliko jiwe lenyewe. Chokaa ndiyo inayochakaa, jiwe linasalimika, na baada ya miongo kadhaa fundi anakuja kutomea upya. Ukitomea kwa saruji, umelifunga tundu la kupumulia: maji yanalazimika kutokea kwenye uso wa jiwe. Uingereza yakifika hapo yanakutana na baridi, yanaganda, yanatanuka kwa takriban asilimia 9, na uso wa jiwe unabanduka kama ganda. Ukipita mbele ya ukuta kama huo utaona saruji imebaki imechomoza kama mifupa, na mawe yameliwa na kurudi ndani.

Huku kwetu hakuna baridi hiyo, lakini kuna chumvi, nayo hufanya kazi ile ile. Nyumba ya marehemu babu yangu katika Mji wa Kale ilikuwa na plasta ya chokaa iliyochoka, na sisi wajukuu tukachanga pesa, tukamleta fundi, akaibandua yote na kupiga saruji safi iliyonyooka kwa timazi. Tulimsifu. Baada ya masika ya pili niliugonga ukuta wa ukumbini kwa kifundo cha kidole, ukalia kama kibuyu. Niliponyanyua kipande kwa ncha ya mwiko, kikatoka kizima kama sahani, na nyuma yake tumbawe lilikuwa limegeuka unga mweupe wenye ladha ya bahari. Niliweza kulichota kwa vidole. Kosa halikuwa la fundi peke yake, kwani sisi ndio tuliomwagiza, tena kwa kusisitiza. Tulilipa mara ya pili kuiondoa saruji, na mara ya tatu kurudisha chokaa.

Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni matumbawe na chokaa, na ungali unaweza kuuegemea ukuta wake.

Kule kwao fikra ya kuiachia nyumba ya kale vifaa vyake yenyewe ina historia. William Morris, msanii wa michoro ya vitambaa na karatasi za ukutani, aliikodi nyumba ya Kelmscott mwaka 1871 na kuitumia hadi alipofariki mwaka 1896. Mwaka 1877 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuyalinda majengo ya kale, kwa hasira dhidi ya wasanifu waliokuwa wakikwangua plasta za makanisa na kuyafanya yaonekane mapya ya kale. Msimamo wa chama hicho, ambacho kingali hai, ni kwamba jengo likarabatiwe mapema na kidogo kidogo kwa matunzo ya kila siku, badala ya kusubiri liharibike na kulirudisha katika umbo la kubuni. Mimi nakubaliana nao, isipokuwa pale paa linapovuja juu ya kitanda cha mtoto; hapo kwanza zuia maji kwa chochote ulicho nacho, falsafa baadaye.

SWALI: Nilipotembelea vijiji vya Uingereza niliona madirisha yaliyozibwa kwa mawe. Niliambiwa ni kwa ajili ya kukwepa kodi. Je, ni kweli au ni porojo za watalii? (Msomaji wa Likoni)

JIBU: Kodi ya madirisha ilikuwapo kweli, kuanzia 1696 hadi 1851, na wako walioziba ili wapungukiwe hesabu. Lakini si kila dirisha lililozibwa ni la kodi. Mengine yalizibwa ngazi ilipohamishwa, na mengine hayakuwahi kuwa wazi, yalichorwa tu ili uso wa nyumba ulingane pande zote. Alama ya kodi ninayoiamini zaidi ni nyingine kabisa: katika nyumba za shamba, chumba cha maziwa na chumba cha jibini vilisamehewa, mradi viandikwe jina lake, na mpaka leo ziko nyumba ambazo juu ya mlango au dirisha fulani limebaki neno la jibini lililochongwa au kupakwa rangi kwa ajili ya mkaguzi.

SWALI: Shikamoo. Mimi ndiye mpwa wa Bibi wa Kuze. Ameniagiza niandike mwenyewe. Mwenye nyumba amekataa katakata nisibadilishe madirisha yanayopitisha baridi niweke ya plastiki, hata kwa pesa zangu. Pia kuna jiwe juu ya mlango lenye herufi moja juu, mbili chini yake, na mwaka wa karne ya 17. Na ndani, kwenye mti ulio juu ya moto, pamechorwa ua la petali sita ndani ya duara. Mtoto wangu anadhani ni la kuchezea.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenye nyumba yuko sahihi, tena anakukinga. Tangu sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1947, Uingereza ina orodha ya majengo ya kihistoria yenye ulinzi, na karibu kila jengo la kabla ya 1700 lililobaki kwa kiasi chochote katika hali yake ya asili limo. Yako madaraja matatu, na sehemu kubwa sana iko katika daraja la chini, lakini daraja la chini halimaanishi ulinzi mdogo: kubadilisha jengo bila ya kibali cha halmashauri kwa namna inayogusa sifa yake ni kosa la jinai. Ulinzi unashika ndani na nje pamoja, kwa hiyo ngazi na mlango wa chumbani vimo, na hata ghala au ukuta wa uani uliokuwapo kabla ya Julai 1948 huhesabiwa pamoja na nyumba. Omba badala yake kioo cha pili kinachofungwa upande wa ndani na kuweza kuondolewa, ambacho mara nyingi hukubaliwa. Pazia zito nalo husaidia. Usisogeze kabati likagusa ukuta wa nje, na utazame nje ya nyumba kama udongo umerundikana juu kuliko sakafu yako ya ndani, kwani huko ndiko unyevu mwingi hutokea.

Kuhusu jiwe la mlangoni, herufi ya juu kwa kawaida ni ya jina la ukoo, na mbili za chini ni za mume na mke. Ikiwa ya mume ni I, usishangae: wakati ule J na I zilikuwa bado hazijatengana sawasawa. Mwaka usiuchukue moja kwa moja kuwa mwaka wa kujengwa, maana unaweza kuwa wa ndoa, au wa kuongezwa ubavu, au jiwe lenyewe limetolewa katika jengo jingine. Hata tarehe za Hijria tunazozisoma juu ya milango yetu ya nakshi zinataka tahadhari hiyo, kwa kuwa mlango huhama.

Ua la petali sita lilichorwa kwa bikari, na limekutwa katika nyumba na maghala mengi ya Uingereza, hasa penye mlango, dirisha na dohani, mahali ambapo kitu kibaya kingeweza kujipenyeza. Wataalamu wengi wanalihesabu kuwa kinga dhidi ya uchawi na shari, ingawa baadhi huenda yalikuwa mazoezi ya mafundi tu. Ndani ya dohani hizo hizo vimekutwa pia viatu vikuukuu vilivyofichwa, na jumba la makumbusho la mji wa Northampton huweka orodha yake. Bibi yako hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Mwambie mtoto alitazame, hata alipitishie kidole ahisi mchoro ulivyoingia katika mti, lakini asilikwangue wala asilitie rangi, kwa sababu nalo limo katika ulinzi wa sheria sawa na paa.